Mwalimu Breki Kati ya Mjerumani na Mjapani

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kibao cha shule ya udereva, lakini kibao chenyewe kilishapauka na hakuna aliyehangaika kukisoma. Mji mzima ulimwita Breki. Mbele yake aliitwa Mwalimu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwita Breki usoni.

Nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake, au tuseme miguuni mwake. Gari la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na breki hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Mwanafunzi akiukaribia ukuta, breki. Akigeuza shingo kumtazama mpita njia aliyependeza, breki, na maneno juu yake: "Macho umeyaacha wapi? Yarudishe tuendelee." Watu wazima wenye vyeo vyao, wakikutana naye njia panda, walinyoosha migongo, wakashika usukani kwa mikono miwili na kuwasha indiketa hata kama hawakuwa na mpango wa kukata kona.

Kazi hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa taratibu kwa kazi na kwa tabia, asiyejua haraka ni kitu gani. Hata hivyo, akimimina chai kwa kasi kidogo tu, mguu wa kulia wa mkewe ulikandamiza sakafu chini ya meza.

"Chai haigongi mtu," mumewe alimwambia.

"Haigongi, inaunguza."

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, yeye mwenyewe akiwamo, ni kwamba mwanamke huyu aliyelijua gari nje ndani alikuwa haendeshi. Asubuhi alifuatwa nyumbani na mwanafunzi wa kwanza, jioni akarudishwa na wa mwisho. Safari za kwenda kwa ndugu zilikuwa za basi. Usukani aliushika pale tu mwanafunzi alipoanza kulia na ikabidi mtu mwingine alirudishe gari. Maisha yake yote ya udereva aliyapitisha kwenye kiti cha abiria, akiangalia kioo ambacho kilikuwa kimepangwa kwa macho ya mtu mwingine.

Basi siku moja alikuwa mjini na mwanafunzi wake, mpishi wa hoteli, mtu mnene mwenye jasho jingi. Walisimama kwenye taa. Pembeni yao likaja gari fupi la rangi ya machungwa, limelala chini kama paka anayevizia. Dereva wake alikuwa mama wa makamo, nywele zina mvi, miwani puani, hana habari na mtu. Taa ikawa kijani. Gari likanguruma, si kwa kelele, kwa ile sauti ya chini inayopita kifuani kabla ya kufika masikioni, na mara likawa limeshavuka makutano. Mpishi akaachia klachi vibaya, gari likazima. Akafumba macho kusubiri makaripio.

Hayakuja.

"Mwalimu," mpishi alisema, akifumbua jicho moja, "nimezima gari."

"Nimesikia. Hebu tulia kwanza."

Nyuma yao honi zilikuwa zinalia kama harusi. Breki alikuwa bado anaitazama ile njia.

Jioni alimkuta mumewe sebuleni, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, saa ya mtu imetawanyika juu ya kitambaa cheupe.

"Nataka gari," alisema.

"Lipo."

"Lile lina kibao juu ya paa na breki mbili. Nataka lenye breki moja, iwe yangu."

Fundi Saa akatoa kioo jichoni. "La kwendea wapi?"

"La kila siku. Kazini, sokoni, kumpeleka dada kliniki. Na wikendi niendeshe."

"Uendeshe kwenda wapi?"

"Nimesema niendeshe. Sijasema niende."

Mumewe akarudisha kioo jichoni. "Basi kaendeshe," alisema. Pesa zilikuwepo, Breki alishamuuzia mshirika wake sehemu ya shule, na hilo tuliache hapo hapo, halituhusu.

Muuza magari maarufu wa mji ule aliitwa Kona. Aliyempa jina hilo ni Breki mwenyewe, enzi zile Kona alipokuwa mwanafunzi wake na kuigonga nguzo ile ile ya kona ile ile mpaka wenye nguzo wakaja kuuliza kama kuna ugomvi. Sasa Kona alikuwa na yadi yake, suti zake, na manukato yaliyomtangulia kufika. Lakini alipomwona Breki anaingia getini, simu aliyokuwa anaongea nayo aliitumbukiza mfukoni bila hata kumuaga mtu wa upande wa pili.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Bado unakata kona bila kuangalia kioo?"

"Niliacha, Mwalimu."

"Tutaona. Nataka gari la spoti."

Kona alicheka. Akaona anacheka peke yake, akanyamaza, akamwongoza mpaka mwisho wa yadi. Pale palikuwa na magari mawili ya spoti yaliyotumika kidogo, ya kampuni mbili tofauti, yamepaki yakitazamana kama washindani wa uchaguzi. La kwanza lilikuwa la Kijerumani, la kijivu, mabega mapana, limekaa kama mtu anayejua anatazamwa. Nyuma lilikuwa na viti viwili vidogo vya kumtosha mkoba, au mtoto aliyekosea. La pili lilikuwa la Kijapani, jekundu, dogo, viti viwili basi, paa linafunguka, na taa zake za mbele zimekaa kama macho ya mtu aliyekumbuka kichekesho msibani.

"Jaribu kukaa, Mwalimu," Kona alisema, akimfungulia njia kuliendea la kijivu.

Breki alizunguka, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda, akaweka mikono mapajani. Akasubiri. Kona alisimama nje. Akajikohoza.

"Unangoja nini?" Breki akauliza. "Ingia tuondoke."

"Mwalimu... hapo ni kwa abiria."

Breki aliangalia mbele. Usukani haukuwepo. Alifungua mkanda, akashuka, akazunguka tena, akaketi pale panapopaswa. "Nilikuwa nakupima," alisema. Kona aliitikia kwamba naam, alijua ni mtihani, na akageuka kidogo kuangalia magari mengine mpaka uso wake utulie.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na mazungumzo mengine. Breki hakuweza kuchagua. Asubuhi alikuwa wa Mjerumani, mchana wa Mjapani, jioni hataki kuulizwa. Wanafunzi waliipata: wengine walifundishwa gia kwa ukali wa Kijerumani, wengine wakaambiwa, "Lisikilize gari, mwanangu, lisikilize," na wakatoka darasani wakitazamana.

Sasa, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile aliishi dada yake mkubwa, mjane, mwenye magoti mabovu na masikio mazima kupita kiasi. Mchana mmoja alikuwa anaanua nguo chini ya dirisha la jikoni, Breki akiwa ndani anaongea na binti yake kwenye simu.

"Mwanangu, nimechanganyikiwa," Breki alikuwa anasema. "Mjerumani ametulia, ana nguvu, ukiwa naye watu wanakuheshimu. Lakini ni mzito, na matunzo yake si ya kitoto. Mjapani ni mwepesi, mchangamfu, ananichekesha... Hapana, baba yako anajua. Amesema nijaribu wote wawili ndipo niamue."

Shuka lilimponyoka dada likaanguka mchangani. Hakuliokota. Kwa magoti yale yale aliyokuwa anasema hayamfikishi dukani, alifika kwenye kibanda cha shemeji yake akiwa anahema.

"Shemeji," alisema, "mimi si mtu wa maneno."

Fundi Saa, aliyemjua kwa miaka mingi, alinyamaza kwa adabu.

"Mke wako ana Mjerumani. Na ana Mjapani."

"Najua, shemeji."

"Unajua?"

"Ndiyo. Mimi binafsi nampendelea Mjapani. Hali sana."

Dada alitafuta mahali pa kukaa, akakalia kiti cha wateja. Ilimchukua Fundi Saa muda kuelewa kwa nini shemeji yake amejishika kifua, na alipoelewa alicheka mpaka chozi likamdondokea ndani ya saa ya mteja, ikabidi aifungue upya. Dada hakucheka. Alisema wangeanza na neno gari, haya yote yasingetokea. Kisha, kwa kuwa alishafika mpaka pale, akauliza huyo Mjerumani ana nembo gani, na alipoambiwa, akasema basi achukuliwe huyo, maana nembo ile hata jirani wa mtaa wa pili anaifahamu.

Kona akakubali kumwachia kila gari siku moja ya kazi na siku moja ya wikendi. Alianza Mjerumani. Siku ya kazi ilikuwa siku ya kliniki, na Kona, kwa kuogopea mali yake, aliomba kuwasindikiza. Akakunjwa kiti cha nyuma, magoti yamemfika masikioni, suti na yote. Dada aliingizwa mbele kwa utaratibu: kwanza makalio, halafu kichwa, halafu miguu mmoja mmoja kama mizigo. Matuta ya njiani Breki aliyapita kwa ubavu, polepole kiasi kwamba mtu wa baiskeli aliwapita na kuwapungia mkono.

"Mwalimu," sauti ya Kona ilitoka nyuma, "gari hili lina gia saba."

"Nimeziona."

"Tuko ya pili."

"Inatosha kazi iliyopo."

Mlangoni pa kliniki dada alishindwa kutoka. Kiti kilikuwa chini mno, na kila alipojiinua kilimrudisha. Kona hakuweza kumsaidia, kwa sababu ili yeye atoke ilibidi kwanza dada atoke. Breki alivuta mkono mmoja, mlinzi akavuta wa pili, na mgonjwa mmoja aliyekuwa anasubiri foleni akaweka magongo yake chini akashika kiuno. Dada alitoka kama kizibo.

"Basi huyu hatufai," Breki alisema.

"Nani kasema?" Dada alikuwa anajipangusa nguo huku akiangalia huku na huku. "Nimeumia, ndiyo. Lakini wote wameona nimeshuka kwenye nini."

Wikendi Breki alimtoa Mjerumani barabara kuu, peke yake. Na hapa lazima tumpe Mjerumani haki yake: hakuwa na kasoro. Alikwenda kama anateleza juu ya kitambaa. Lakini alikuwa gari la kisasa. Breki alipousogelea mstari kidogo, usukani ukamtetemekea mikononi. Alipolikaribia lori, kengele ikalia. Na mfuko wa plastiki ulipopeperushwa mbele yao, kabla mguu wa Breki haujafika popote, gari likafunga breki lenyewe.

Alirudi nyumbani. Mumewe alimuuliza vipi.

"Linanifundisha," Breki alisema. "Mimi."

"Labda lina nia njema."

"Hata mimi nilikuwa na nia njema. Sasa najua wanafunzi wangu walikuwa wanajisikiaje."

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Mjapani, na Fundi Saa alifunga kibanda akaenda naye. Alivaa kofia, akaivua walipofungua paa, akaikalia. Gari lilikuwa la gia za mkono, halina kengele wala mawaidha. Kilichomvutia Fundi Saa ni saa ndogo ya mishale katikati ya dashibodi. Aliilinganisha na ya mkononi mwake, akairidhia.

Walipita mjini, wakapita viwandani, wakashika barabara ya milimani, ile inayopanda kwa kona ndefu katikati ya misitu ya misonobari. Asubuhi ile haikuwa na magari. Breki aliendesha kama kitabu kinavyosema. Kioo, indiketa, kioo tena. Kabla ya kila kona alitaja kwa sauti ya chini anachokwenda kufanya: "Napunguza. Nashusha gia. Naangalia mbele." Fundi Saa alivumilia kona kadhaa. Kisha akasema, bila kumgeukia:

"Unamwambia nani?"

"Namwambia nani nini?"

"Hayo maelezo. Humu ndani hakuna mwanafunzi. Mimi siendeshi, na sitaki kujifunza."

Breki akakaza macho barabarani. Kona iliyofuata aliipita kimya. Iliyofuata pia. Ukimya ule ulikuwa mgeni kwake. Aliusikia upepo, akausikia mpira wa gurudumu unavyoishika lami, na injini inavyobadilisha sauti ikimwomba gia nyingine. Akaipa. Gari likaruka mbele kwa furaha, kwa kasi iliyokuwa halali kabisa, maana hata siku ile kibao cha mwendo alikuwa amekiona na kukiheshimu, lakini alikuwa ameufikia mwendo ulioandikwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kona ikaja, akaikata, ikanyooka nyuma yake kama utepe. Nyingine. Nyingine tena. Mikono yake ilijua. Miaka yote ile mikono hiyo ilikuwa inafundisha watu kitu ambacho yenyewe ilikuwa imenyimwa.

Juu kabisa palikuwa na sehemu ya kusimama. Alisimamisha gari, akaweka handibreki, akazima. Alikuwa anacheka, na alipojaribu kusema kitu, ikawa kicheko kimechanganyika na kilio na hajui kipi kiko mbele. Fundi Saa alitoa kofia chini yake, ikiwa imekuwa bapa kama stempu ya posta, akampa ajipangusie uso.

"Ni Mjapani," Breki alisema huku akijipangusa.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," mumewe alijibu. "Ana saa nzuri."

Ugumu ulibaki kwa dada. Aliposikia uamuzi, alikaa chumbani akadai kichwa kinamuuma, na kwamba afadhali ajiendee kliniki kwa miguu, polepole, akifika amefika. Breki hakubishana. Siku ya kliniki, ambayo ndiyo siku ya kazi aliyobakiza Mjapani, alilileta gari mpaka mlangoni, akafungua paa. Dada alilitazama kwa dharau. Kisha akaona kwamba bila paa hakuna pa kugonga kichwa. Mtu anaweza kushika juu ya kioo cha mbele, akasimama wima, na kujishusha taratibu kama anayeingia kwenye beseni la maji ya moto. Alijishusha. Akajiweka sawa. Gari likaondoka, na kwenye mtaa wa kwanza tu wakakutana na jirani, yule wa mtaa wa pili, akiwa ametoka dukani na mkate.

"Punguza mwendo," dada alisema.

"Tuko taratibu, dada."

"Punguza zaidi. Hajaniona vizuri."

Kona alipoletewa habari alisikitika kidogo, maana Mjerumani ndiye aliyekuwa na faida, lakini akafunga utepe kwenye gari jekundu na kulisukuma mwenyewe mpaka getini. Breki alilikagua magurudumu yote, akaangalia taa, akamtuma Kona asimame nyuma kuthibitisha indiketa. Kisha akampa mkono. "Umefaulu," alimwambia, na Kona, mtu mwenye yadi na wafanyakazi, alijikuta anaona fahari mpaka jioni.

Maisha yakazoeleka. Asubuhi sasa Breki hakufuatwa na mwanafunzi. Alijipeleka shuleni mwenyewe, akalipaki gari jekundu chini ya kivuli cha jengo, akahamia kwenye lile la kibao na breki mbili. Wanafunzi walisema amekuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na subira, kwa kuwa sasa alijua zamu yake ipo. Kila Jumapili palizuka ubishi nyumbani kuhusu kile kiti cha pili. Fundi Saa alidai ni haki ya ndoa. Dada alidai ni haki ya magoti, na alishanunua miwani ya jua kubwa iliyomfunika nusu ya uso.

Jumapili moja ambayo dada alikuwa na mafua, mke na mume walikwenda mbali kuliko siku zote, bondeni ng'ambo ya milima, na wakulima wa huko wakawauzia matikiti maji. Buti la gari lile likapokea tikiti moja na kugoma hapo. La pili, lililokuwa kubwa zaidi, Fundi Saa alilipakata. Walikuwa wanarudi, paa wazi, wakati tone la kwanza lilipompiga Fundi Saa puani.

"Mvua," alisema.

"Nimeiona."

"Tufunge paa."

"Hapa ni mstari usiokatika, na pembeni hakuna nafasi. Siwezi kusimama."

Mvua ikakolea. Walipita sehemu pana ya pembeni. "Hapo je?" Fundi Saa akauliza. Breki akasema pale ni karibu mno na kona, watakaotoka nyuma hawatawaona. Walipita nyingine. Pale palikuwa na kibao cha kukataza kupaki. Sasa maji yalikuwa yanamiminika, yanaruka juu ya dashibodi, yanachuruzika kwenye nyusi zake, na Fundi Saa amelikumbatia tikiti kama mtoto aliyeokolewa mafurikoni. Hatimaye ikaja sehemu halali. Breki aliangalia kioo, akawasha indiketa mapema inavyotakiwa, akasogea pembeni kwa utulivu, akaweka handibreki, akawasha taa za tahadhari, akafunga paa. Paa lilifunga vizuri sana. Ndani walibaki wao wawili, tikiti, na maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu.

Mvua ikakatika.

Walikaa hivyo wakitazama jua linavyotoka. Fundi Saa alivua kiatu kimoja, akafungua mlango, akamwaga maji yake nje.

"Fungua paa tukauke," alisema.

Breki alilifungua, akasubiri lori moja lipite, na akaingia barabarani.